Bolti ya Upande wa Kushoto

"Shemeji, gari linanivuta kulia kama lina ugomvi na mimi," alisema mke wa mdogo wake fundi, akamwachia funguo na kwenda zake sokoni.

Gari lile fundi alilijua fika. Mdogo wake ndiye aliyelishusha kwa kukata springi, tumbo likawa nusura liparuze lami. Liliposimama limeinama upande mmoja, yeye kaka mtu akamkaripia mbele ya wateja: "Springi unazikata kwa macho? Funga mdomo, ufunge na virago!" Mdogo mtu akafunga vyote viwili. Tangu siku hiyo hata salamu zao hupitia kwa shemeji.

Alilisogeza hadi penye sakafu iliyonyooka. Tairi la kulia lilikuwa limeliwa upande wa ndani, nyuzi zinachungulia. Akajaza upepo sawa pande zote, akapima kutoka sakafuni hadi ukingo wa bodi. Kushoto lilikuwa juu zaidi.

"Si nilisema!" alijigamba peke yake, akazitoa springi ajionee zilivyokatwa ovyo. Akazisimamisha mezani bega kwa bega. Zilikuwa pacha kabisa kwa urefu.

Alirudi chini ya gari na tochi. Kwenye mkono wa gurudumu la kushoto, bolti inayobana bushi, ule mpira wa kwenye kiungo, ilikuwa na doa la rangi nyeupe. Doa hilo huliweka yeye tu, kwenye kila bolti aliyoikaza mwenyewe, na halikuwa limepasuka; hakuna aliyeigusa bolti hiyo baada yake. Alipoilegeza, mpira wa bushi ulifyatuka. Kumbe siku ile ya kulishusha aliikaza gari likiwa bado linaning'inia kwenye jeki! Mpira ukabaki umejisokota, ukaliinua gari upande mmoja. Kwa kosa hilo huwakemea wenzake kila siku. Alijuta mpaka mate yakawa machungu.

Akarudisha springi, akalishusha gari, akaikaza bolti magurudumu yakiwa sakafuni. Lilitulia sawasawa. Ndipo akampigia simu mdogo wake.

"Springi zako hazina kosa," alisema, hata salamu akasahau. "Bolti niliikaza mimi, gari likiwa juu."

"Najua, kaka. Si mimi niliyekushikia tochi?"

"Sasa mbona hukusema?"

"Uliniambia nifunge mdomo. Nikasema, ipo siku utaiona mwenyewe."

"Nisamehe, mdogo wangu. Rudi kazini."

"Nilishakusamehe. Ila nimeshapata pengine, kaka," mdogo wake akajibu kwa upole, na upole ule ndio uliomuuma.