Kiti cha Fundi Cherehani

Saa nne asubuhi, mwigizaji alikaa kwenye kochi la sebule ya kuigizia akasubiri kulia. Machozi yaligoma. Kamera ikiwa inachukua, mwongozaji akamnong'oneza, "Dada, mkumbuke baba yako."

Baba yake, fundi cherehani, alikuwa amefariki wiki tatu nyuma. Siku mzee alipozidiwa, binti aliomba ruhusa, mwongozaji akasema, "Sini moja tu, halafu uende." Moja ikazaa ya pili. Alipofika nyumbani, watu walikuwa wanarudi kutoka makaburini.

Basi mlango ukafunguliwa, fundi akaingia, futi yake ya kupimia shingoni.

"Umeniita, mwanangu?"

Binti alitaka kumwambia nisamehe. Lakini kazi ni kazi, na akijibu angeharibu ya watu kumi na tano. Alilia tu. Mzee akaona pindo la gauni limelegea, akachuchumaa kulishona.

"Kata! Mkono wa mzee umeingia kwenye picha. Rudieni."

Neno "kata" lilimwondoa mzee, na kila kunong'ona kulimrudisha. Mtu wa taa alimwekea kiti pembeni. Mtu wa sauti aliinua karatasi: "Shikamoo mzee. Tafadhali usikohoe." Mzee akaitikia kwa kichwa. Dada wa mavazi ndiye aliyenuna, maana pindo lilishapanda inchi mbili.

Mara ya kumi na mbili ikakubali. Watu walipiga makofi, na kiti kilikuwa kitupu.

Nyumbani binti alimwita jikoni, akamwita chumbani. Wapi! Akamfuata mwongozaji.

"Kaka, niitie baba mara moja, bila kamera."

Mwongozaji hakuwa mtu mbaya. Alikuna kidevu. "Bila kamera hawaji, dada. Nilishajaribu kwa mama yangu." Kisha akasema, "Ila nina filamu ya mjane. Analia mwanzo mwisho."

Binti alisaini palepale.

Siku ya kwanza kiti kiliwekwa mapema. Mwongozaji akanong'ona, fundi akaingia.

"Umeniita, mwanangu?"

Safari hii binti hakujali kazi ya mtu. "Nisamehe, baba. Ningekuja. Niliogopa kufukuzwa, nikakuacha ufe peke yako."

Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Akatazama taa, akatazama kamera, akatazama watu waliosimama nyuma yake. Akatabasamu kwa fahari.

"Umeiweza hiyo, mwanangu. Mtu angedhani ni kweli."

"Kata! Safi sana," alisema mwongozaji. "Turudie, mara moja tu."