Mpini Alioufunga Nuara

Mimi sijawahi kupenda mpini wa mbao, na asije mtu kunibishia. Mbao hupasuka. Pembe huteleza, na mikono ikishalowa damu na mafuta ya kondoo, kisu kinakuponyoka kama sabuni. Kamba ya manyoya ya mbuzi haiponyoki. Inashika kiganja, haikugandishi vidole asubuhi za baridi yetu hapa Bu Saada, na ikichakaa unaikata na kufunga nyingine, kisu kimekuwa kipya. Lakini hakuna kizuri kisicho na ila. Kamba hunywa damu, na chini yake kutu hula chuma taratibu huku wewe unaona mpini mzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na kisu cha kamba ni hivyo hivyo.

Ndiyo maana tuna desturi yetu. Siku ya Arafa, kesho yake ikiwa Idi ya kuchinja, kila nyumba huleta visu kwa mhunzi. Mhunzi hukata kamba za mwaka, hukwangua mkia wa chuma uliokuwa umefunikwa, huupaka nta, na wanawake wa nyumbani kwake hufunga kamba mpya. Zile kuukuu zimekunywa damu, na damu ni najisi, basi hutiwa moto zote. Hakuna anayechinja kwa kamba ya mwaka jana. Ukionekana nayo utachekwa mpaka uhame mtaa.

Mhunzi ni mume wangu, Belkheir. Mfungaji alikuwa binti yetu, Nuara.

Nuara alikuwa wa mkono wa kushoto. Kamba zake zilipanda upande usiopandwa na za mtu mwingine, na karibu na kidole cha mwisho alikuwa akikaza mpaka panatuna kidogo. Nilimsema sana kwa kile kivimbe. "Mama, ndipo kidole kinapolala," ananijibu, na kweli wateja walikuwa wanakipenda. Mapafu yalimshinda, akatutoka wakati wa baridi, msichana ambaye hata posa hatujapokea. Arafa yake ya mwisho alikuwa amefunga kisu cha kuchinjia cha baba yake. Matanga yalipokwisha nilikitoa ukutani, nikakishika, kidole changu kikalala palepale. Nikamwambia Belkheir, "Hiki hakifunguliwi. Ukikifungua mimi na wewe basi, wallahi."

"Hadda, chuma kitaoza."

"Kioze! Mwanangu yuko ardhini, wewe unaniletea habari za chuma?"

Tangu siku ile hatukulitaja tena, na kisu kilibaki msumarini mwake, kikitoka siku ya kuchinja tu. Mimi nikiwa peke yangu hukishika, na sitaona haya kusema kwamba nilikuwa nakibusu. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Wengine wana picha, wengine wana nguo. Mimi nguo zake dada zangu waligawa sadaka kabla akili hazijanirudia. Nilibaki na kamba.

Mwaka huu ilikuwa Arafa ya tatu bila yeye. Karakana ilijaa watu, mimi nimekaa mlangoni nafunga mipini, vidole vinaniuma. Akaingia Lazhar, muuza sufu, mtu ambaye mdomo wake ulizaliwa kabla yake. Akakiona kisu kile ukutani.

"Ami Belkheir," akasema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "visu vyetu unavivua nguo kila mwaka. Chako wewe mbona bado kimevaa koti lile lile?"

Watu wakacheka, kisha wakaacha, maana walinikumbuka.

"Utani kando," Lazhar akaendelea. "Najisi ni najisi. Na kikikatika shingoni mwa mnyama? Kondoo wangu kesho hachinjwi na kisu hicho. Nimeshazungumza na mchinjaji wa mtaa wa chini."

Belkheir alikuwa anajifuta mikono. Akaendelea kujifuta. "Ni haki yako, mwanangu," akasema.

"Wewe Lazhar!" nikaruka mimi. "Kwenu mlikuwa mnachinja kuku kwa kigae cha chupa kabla mume wangu hajawatengenezea kisu! Leo ndiyo unamfundisha usafi?"

Wakacheka tena, lakini kicheko hakikutusaidia. Mmoja akakohoa, akasema na yeye afadhali achinjiwe na shemeji yake mwaka huu. Mwingine akasema kondoo wake mdogo, atamaliza mwenyewe. Walikuwa na adabu, hawakumtazama usoni. Belkheir amechinjia mtaa huu tangu baba yake alipomwachia, na kwake hiyo ndiyo heshima yote aliyo nayo duniani. Hana nyingine, si tajiri, si msomi. Walipokwisha kutoka akaketi kwenye gogo la fuawe, mikono magotini. Sikuwahi kumwona mdogo namna ile, hata makaburini.

Nikasema moyoni, Hadda, basi. Aliyekufa amekufa, huyu yu hai. Nikakitoa kisu msumarini, nikaingia nacho ndani, nikafunga mlango.

Nililia kwanza, tena kwa sauti. Nikamwomba Nuara radhi kana kwamba namvua nguo mtoto. Nikalikata fundo kwa wembe, nikaanza kufungua polepole, niihifadhi angalau kamba yenyewe. Nilikuwa nimejiandaa kwa kutu. Nilitandika kitambaa, nikijua unga mwekundu utamwagika.

Hakikumwagika kitu. Chuma kilikuwa kinang'aa. Kimekwanguliwa, kimepakwa nta, na nta bado inanukia asali. Kamba yenyewe kwa ndani ilikuwa mpya. Ni kwa nje tu ilikuwa imepakwa masizi na mafuta ya kondoo ionekane ya kale.

Nikatoka nayo mkononi.

"Umemchoma," nikamwambia. "Umemchoma mwanangu motoni pamoja na matambara ya watu!"

Belkheir akainuka, akakaa tena. "Kila mwaka," akasema. "Mkesha wa Arafa, ukienda kuoga hamamu na dada zako. Ningefanyaje, Hadda? Nichinje kwa najisi? Nimkate mnyama kwa chuma kibovu? Na wewe ningekuambia nini? Ulikuwa unakibusu. Nilikuona."

Nilitaka kumpiga, Mungu anisamehe. Ndipo likanijia jambo jingine.

"Na leo? Kisu chako kisafi kuliko vyote vilivyoletwa hapa. Lazhar anakudhalilisha mbele ya mtaa mzima, neno moja tu ungesema. Kwa nini umenyamaza?"

"Ulikuwa umekaa pale mlangoni," akasema.

Nikaketi chini, kwenye vumbi la makaa. Kisha akaanza kunieleza, bila kuulizwa. Mwaka wa kwanza alifungua mzunguko mmoja wa kamba, akaurudisha, akaufungua tena, mpaka alipojua binti yake alikuwa anapitisha wapi na kuvuta wapi; alifanya kazi ile analia, na mkono wake wa kushoto hauna ujuzi. Mwaka wa pili alikumbuka karibu yote.

"Na mwaka huu?"

"Mwanzo naujua. Mwisho naujua. Hapa katikati," akaonyesha kwa kidole, "hapa nilibahatisha tu."

Nikachukua kamba mpya. Nikamwambia, "Shika kisu. Tufunge pamoja, mimi nilikuwa namwona kila siku akifunga, nitakumbuka."

Tukaanza vizuri. Tulipofika katikati, yeye akasema Nuara alikuwa akipitisha juu, mimi nikasema chini. Akajaribu juu, haikukaa. Nikajaribu chini, haikukaa. Tukafungua, tukarudia, tukafungua tena. Mtoto huyo nimemzaa mimi, amekua mbele ya macho yetu, amefunga mamia ya mipini katika chumba hiki hiki, na hakuna kati yetu aliyejua. Adhana ya magharibi ilipoita tukafunga hivyo hivyo, kama wanavyofunga watu wengine wote.