Bata wa Mama

Mbishi alipewa jina hilo na mama yake, wala hakuwahi kulionea haya. Ukimwambia jambo haliwezekani, ndiyo kwanza anakunja mikono ya shati. Sasa mama mwenyewe alikuwa amekaa chumba cha mbele, kimya tangu kiharusi kilipompiga. Mkono ulikuwa ukirudi polepole. Maneno ndiyo yaliyogoma. Daktari alisema wasimlazimishe, wamtafutie tu kitu anachokipenda.

Kitu chenyewe Mbishi alikijua. Mama huyu, mtu mzima na heshima zake, alikuwa bingwa wa mchezo wa bata anayevusha yai mtoni, kwenye mashine ile ya kuchomeka kwenye televisheni. Wanawe wote aliwachapa bila huruma, huku akimfokea bata, "Ruka, mjinga wewe!" Mashine ilikufa zamani, ila mchezo Mbishi aliuhifadhi. Tena kulikuwa na programu ya bure, msimbo wake wazi kwa kila mtu, ya kuifanya kompyuta ijifanye mashine ile. Tatizo, iliandikwa kwa mfumo mwingine, si huu wa kompyuta yao ya mezani. Ilibidi auchukue msimbo mbichi, aukompaili mwenyewe, yaani augeuze uwe programu ambayo kompyuta yao inaweza kuiendesha.

Akaketi. Loo! Akirekebisha kosa moja, yanachomoza mawili. Mumewe, fundi umeme, akachungulia na kikombe cha chai mkononi.

"Si umtafutie mwingine, wa kisasa?"

"Mama hataki wa kisasa. Anamtaka bata wake."

"Amekwambia?"

Swali likamchoma, maana mama hakuwa amemwambia lolote, wala asingeweza. Mume akaliona kosa lake, akaiweka chai mezani, akaondoka kwa adabu.

Picha zikakubali, vitufe vikakubali. Sehemu ya sauti ikakataa katakata: ilikuwa ikitafuta vitu ambavyo mfumo huu hauna. Mbishi akaibembeleza, akaitukana, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akakubali yaishe. Akaizima sehemu hiyo, akakompaili upya, ikapita mpaka mwisho bila kosa. Wala hakufurahi. Alijiona kama anampelekea mama yake chakula kisicho na chumvi.

Akamsogeza mama mezani, akamshikisha kidude cha kuchezea. Bata akatokea na kofia yake ileile. Mama akatabasamu upande mmoja, kidole gumba kikabonyeza. Bata akatumbukia majini. Akabonyeza tena, bata akatumbukia tena. Mama akazitazama spika, kisha akamtazama binti yake.

"Nisamehe, mama," Mbishi akasema. "Muziki umenishinda."

Mama akasonya, msonyo wa haja, kama zamani. Kisha midomo ikaanza kuhangaika. "Ta... ta... tara-ta..." Ulikuwa wimbo wa bata, ambao siku zote mama aliufuata ili ajue wakati wa kuruka. Kidole kikaingia kwenye mapigo. Bata akaruka jiwe la kwanza, akaruka la pili, akasita.

"Ruka!" mama akafoka. "Ruka, mjinga wewe!"

Bata akavuka, yai likiwa zima. Mbishi akadakia wimbo, akaimba na mama yake huku machozi yakimtiririka, asihangaike hata kuyafuta.

Fundi umeme akaja mbio, bisibisi mkononi. "Kumbe ni sauti tu iliyokataa? Nipisheni nizitazame hizo spika."

"Thubutu!" Mbishi akamwambia. "Ziguse uone."