Jina Alilobaki Nalo Dobi

Mwandishi na mumewe dobi waligawana kazi bila kuandikiana mkataba. Mke alitunga hadithi, mume akawapa wanaume wa hadithi hizo majina. Wanawake mwandishi aliwaita mwenyewe bila taabu. Wanaume ndio waliomshinda. Akiwapa jina la kwanza lililomjia, wote walitoka Juma, Ali na Hamisi, kana kwamba kitabu kizima kimeokotwa kwenye foleni moja ya bombani. Akijitia kutafuta la ajabu, lilitoka jina la mtu ambaye hajawahi kuumwa jino maishani.

Dobi alikuwa na sikio. Miaka nenda miaka rudi alipokea mashati na suruali za watu, akabana kikaratasi chenye jina la mwenyewe kwenye kola, na kwa kuwa nguo haijui kusema uongo, alijua kila jina linavaliwaje. Alasiri mkewe alikwenda dukani, akaketi kwenye kigoda kando ya kapu la mashuka, akamsimulia habari za mtu wake mpya wa hadithini huku pasi ikienda na kurudi. Dobi hakuuliza sura wala umri. Aliuliza kama mtu huyo hugonga mlango kabla ya kuingia, kama hula haraka, kama akikosewa hunyamaza siku hiyo hiyo au siku ya pili. Kisha alisema, huyo ni Mfaume, au huyo ni Obadia, na ikawa hivyo hivyo mpaka kitabuni. Mara moja mkewe alitaka kumwita mwizi wa mifugo Zahoro. Dobi aliiweka pasi kwenye kibao chake akakataa katakata. Zahoro, alisema, ni mtu anayekuja kuchukua suruali na kuomba radhi kwa kukusumbua. Mwizi gani huyo?

Kanuni yake ilikuwa moja. "Jina la ajabu mpe mtu mtulivu, bibie. Jina lililojaa mitaani mpe mwenye vituko. Ukimpa mwenye vituko jina la ajabu, msomaji hatajua ashangae lipi."

Hadithi iliyoleta msiba ilikuwa ya mwashi. Mwashi huyo anamjengea kaka yake nyumba, kaka yuko mbali, na nyumba inapokaribia kwisha kaka anaiuza, fundi angali ndani anapaka chokaa. Kaka anafika mlangoni kumwambia atoke. Mwashi anamalizia ukuta aliouanza, anaosha brashi, anatoka. Mwandishi aliisimulia dukani kama kawaida, na safari hii dobi hakuuliza hata swali moja. Alipiga pasi mkono mzima wa shati.

"Nimempata huyo," akasema hatimaye. "Jina la zamani, hata mimi nilikuwa nimelisahau. Tangulia nyumbani, nikifunga duka nakuja kukwambia umetulia. Nikikupa sasa utalidondosha njiani."

Mkewe alicheka akaondoka. Alikuwa anamenya viazi alipoitwa. Fundi viatu wa duka la jirani alikuwa amenusa nguo inaungua, akaingia, akamkuta dobi ameketi sakafuni ameegemea kapu, mdomo umekwenda upande, macho yako wazi yanamtazama. Kiharusi, walisema hospitali. Alilazwa, akatoka, akarudi nyumbani na mkono wa kulia unaoning'inia kama mkono wa shati kwenye kamba, na neno moja tu mdomoni.

"Bado."

Akiulizwa kama ameshiba, bado. Akisalimiwa na wageni, bado. Alilisema kwa upole, kwa ukali, kwa kuuliza, na wakati mwingine kwa maneno mengi, yaani bado, bado, bado, kwa mdundo wa mtu anayeeleza jambo refu lenye mwanzo na mwisho. Shemeji yake, mdogo wake mwandishi, alikuwa akija kumtazama na kusema naye kwa sauti ya juu kama anaita mtu ng'ambo ya barabara. Mwandishi alimwambia kwamba shemeji yake si kiziwi. Mdogo mtu alikubali, kisha akapaza sauti vilevile.

Mtaalamu wa matamshi hospitalini, dada mmoja mpole mwenye miwani, aliwaeleza kwamba huenda maneno hayajapotea. Yapo, ila njia ya kuyafikia ndiyo imebomoka. Alikusudia kuwafariji. Lakini mwandishi alirudi nyumbani na wazo moja lililomng'ang'ania: jina limo. Limo humo ndani, zima, na mwenye nalo yuko mbele yake anakunywa supu kwa mrija.

Basi akaanza kumsomea majina. Asubuhi baada ya kumwogesha, alivuta kiti, akaanza: Shomari? Bado. Ambari? Bado. Nehemia, Songoro, Marijani, Yakuti? Bado. Alimtazama machoni kuona kama neno moja lina uzito zaidi kuliko jingine. Mara nyingine alidhani linao. Alileta ubao wa herufi ili mume aonyeshe kwa mkono wa kushoto, na kidole kilitua kwenye M, siku zote M, naye akafurahi akataja kila jina la M alilolijua, mpaka binti yao akamwonyesha kwamba M ndiyo iliyo karibu na kiganja. Waliugeuza ubao. Kidole kikatua kwenye herufi iliyokuja mahali pa M.

Aliwauliza wateja wa zamani waliokuja kuchukua nguo zao. Kila mmoja alijitahidi, akataja jina la babu yake, la mjomba wa babu yake, majina yaliyojaa vumbi. Seremala mmoja alikaa kitako akataja majina mpaka chai ikapoa. Yote yalipelekwa kitandani, na yote yakarudi na jibu lile lile.

Mhariri alipiga simu. Alikuwa mtu wa adabu, alianza kwa kuulizia mgonjwa. Kisha akasema mswada ameusoma, ameupenda, ila penye jina la mwashi pana nafasi tupu kila ukurasa. Je, asiitwe Fundi tu? Mwandishi akasema haiwezekani, kwa sababu kaka mtu anamwita jina mara moja, pale mlangoni anapomtoa, na mtu hamwiti nduguye Fundi. Mhariri akapendekeza jina la kileo, lenye mvuto kwa vijana. Mwandishi akamshukuru.

Binti yao, aliyekuwa ameomba likizo benki aje kusaidia kumgeuza baba yake kitandani, alivumilia kwa muda. Asubuhi moja alisimama mlangoni na taulo mkononi, akasikiliza majina yakitajwa na baba akijibu, huku jasho likimtoka kwenye paji la uso.

"Mama, unamtesa."

"Namsaidia. Alitaka kuniambia."

"Wewe ndiye unayetaka kuambiwa," binti akasema. "Mpe huyo mwashi jina lolote. Nani atajua?"

"Baba yako atajua."

 Binti alipita, akampangusa baba yake jasho, akamlaza upande.

Mwandishi aliacha. Lakini mazoea yana taabu, na siku moja akimlisha, jina lilimtoka bila kukusudia: Feruzi. Dobi alisita kumeza. Midomo ikatetemeka, machozi yakamshuka mpaka kwenye kidevu, naye akasema bado, bado, kwa sauti ambayo mkewe hakuwahi kuisikia. Mwandishi aliangusha kijiko. Alimkumbatia akalia naye, akamwita binti, akampigia mdogo wake. Limepatikana.

Mtaalamu wa matamshi aliposimuliwa, alivua miwani yake. Alisema taratibu kwamba baada ya kiharusi mtu anaweza kulia au kucheka bila sababu, na asiweze kujizuia; machozi hayo yasichukuliwe kuwa jibu. Mwandishi hakuamini. Aliporudi alimtajia mumewe Feruzi, na dobi akamtazama kwa utulivu, hana habari. Jioni binti alipouliza kama sabuni imekwisha, dobi aliangua kilio.

Mwandishi alitoka uani akasimama kwenye kamba za nguo, hana la kuanua wala la kuanika. Alijaribu kuwaza jambo moja la kufanya ambalo hajalifanya, akakosa. Ilikuwa kutwanga maji kwenye kinu, na alikwisha kutwanga ya kutosha.

Aliandika Feruzi. Hakuwa na hoja. Lilikuwa jina pekee lenye machozi ya mumewe juu yake, hata kama machozi yenyewe hayakulijua. Alilijaza kila penye nafasi, ukurasa kwa ukurasa, na kila mara alipoliona lilimkalia mwashi kama kiatu cha mtu mwingine. Halikumbana. Ila halikuwa lake. Mhariri alisema ni jina zuri sana, la asili.

Kitabu kilipotoka, binti alikuwa amerudi kazini na duka lilikuwa limekodiwa na kinyozi. Mwandishi alivuta kiti karibu na kitanda, akamweka mumewe mito miwili mgongoni, akaanza kumsomea tangu mwanzo. Jina lilikuja katika sentensi ya pili. Alilisoma, akanyanyua macho. Dobi alikuwa anatazama pazia, ambalo upepo ulikuwa unalivuta nje na kulirudisha. Alisoma tena, akasubiri. Pazia likatoka, likarudi.

Akaendelea. Kabla msingi wa nyumba haujakwisha kuchimbwa mumewe alikuwa amelala, kidevu kifuani. Mwandishi akanyamaza ili asimsumbue, na ukimya ule ukamwamsha. Akafumbua macho akaangaza huku na huku kwa hofu, kama mtu aliyeachwa mahali asipopajua. Mkewe akaanza tena kusoma, chini chini, mpaka macho yakafumba. Tangu hapo hakuthubutu kuacha. Alisoma matofali, akasoma paa, sauti ikamkauka, glasi ya maji ipo dirishani asipoweza kuifikia bila kunyanyuka.