Ngoma Zilizokanzwa na Gari Moshi

Nilimwambia Donati mbele ya watu, sikumung'unya maneno: "Nikishindwa kwenye ngoma za gulio, ngoma ya marehemu mama yangu ichukue. Nikishinda, wewe utapiga vigelegele hapo hapo gulioni, mkeo akikuona."

Watu wakaguna. Donati alikuwa nyapara mkuu wa kambi yetu ya mkonge, nje kidogo ya Kilosa, na ndiye aliyesimamia gulio la kiangazi. Fimbo haimtoki mkononi, na kauli yake moja: ngoma ni ya wanaume, kazi ya wanawake ni vigelegele. Siku hiyo alicheka mpaka akashika tumbo.

"Nimekubali, Mbeleje," akasema. "Hiyo ngoma yako nitaifanya kiti."

Kiti! Ngoma aliyoniachia mama!

Mimi ni Mgogo. Kwetu ngoma ya muheme hupigwa na wanawake. Unaibana katikati ya magoti, unaipiga kwa viganja huku unacheza, na wanaume wanaimba pembeni, wala hakuna anayeshangaa. Nchi yetu ni kavu, miezi saba hujaona tone. Lakini baada ya mavuno ndipo ungetuona: sherehe kijiji hadi kijiji, na msafiri yeyote anayepita, mwenye punda au wa miguu, hapiti hivi hivi. Hatumngoji aje uwanjani. Tunamfuata njiani na ngoma zetu, tunamchezea mpaka ashushe mzigo. Mama yangu, msafiri akipita na mzigo wake kichwani, siku hiyo hali chakula kwa aibu.

Vita ya Hitla ilipokwisha, njaa ikatuleta kwenye mkonge, mimi na mume wangu Hezekia na wenzetu. Tulikuwa na miezi minne tu kambini lilipofika gulio.

Lilikuwa moja kwa mwaka, mwezi wa nane. Watu walishuka na maharage na kuku kutoka milima ya Berega, wengine walileta miwa kutoka Kidete. Asubuhi ya gulio gari moshi la abiria husimama nusu saa kujaza maji, na abiria hushuka kuangalia ngoma. Wao ndio waamuzi, bila hata kujua. Gari likipiga honi ya kuondoka, ngoma iliyozungukwa na abiria wengi ndiyo mshindi. Inapewa fahali, na gulio la mwaka unaofuata uwanja wa katikati unakuwa wake.

Jioni ya kuamkia gulio tukafanya kama kwetu: tukazipaka ngozi samli, tukaziacha nje zipate upepo usiku kucha. Kwetu asubuhi unazikuta zimekaza, ukigusa tu zinalia. Nani angetuambia kwamba bonde la mto Mkondoa, ilipo kambi yetu, mwezi wa nane linashukiwa na ukungu mpaka majani yanadondosha maji? Kambini tulikuwa tunapiga Jumapili mchana tu, jua kali. Alfajiri nilipoigonga ya mama, ikasema "bwo", kama godoro.

Zote sita! Mwenzangu Sesilia akakaa chini akalia. Mimi sikulia, nilijitukana.

Tulifika gulioni jua bado halijatoka. Nikaomba kuni nizikanze ngoma. Donati akanyoosha fimbo kuelekea stesheni, ambako marobota ya mkonge yalirundikwa yakingoja kupakiwa.

"Moto hapa marufuku. Cheche moja tu, tunakwenda jela sote."

Hilo alisema kweli, simsingizii. Lakini akaongeza, "Basi nikabidhi kiti changu mapema, miguu inaniuma."

Katikati ya uwanja alikuwepo Lupakisyo, kijana wa Tukuyu, na wenzake thelathini waliokuja kwa lori kutoka kambi ya barabara Mikumi. Ngoma zao walizileta zimefunikwa maturubai. Walijua, wale! Walipoanza, nilisikia mtetemo mpaka kwenye nyayo. Nikaikumbatia ngoma ya mama, nikamwomba radhi kimoyomoyo.

Mara gari moshi likaingia, likaachia mvuke, na joto lake likanipiga usoni pale niliposimama. Nikamvuta Sesilia mkono.

"Inuka wee! Moto ule pale!"

Tukakimbia wote, wanawake sita na ngoma, kina Hezekia nyuma yetu, mpaka kwenye kichwa cha gari. Mchochea moto alikuwa mtu mzima aliyejaa masizi, wenzake wakimwita Mwinshehe.

"Shikamoo baba," nikasema, nahema.

"Marahaba. Mbona mnanijia na ngoma? Abiria wako nyuma huko."

"Zimelala, baba. Tusaidie moto."

Akaigonga kwa kidole, akatikisa kichwa. "Hii imekunywa ukungu. Mimi Mluguru bwana, ngoma nazijua. Nipe mbili mbili. Na msishike chuma, mtaungua."

Akafungua mlango wa tanuri, akawa anazigeuza mbele ya moto kama anachoma mahindi. Abiria walikuwa wameshamiminika kwa Lupakisyo. Nikaomba ya mama, nikaigonga: bwo. Akairudisha. Nikaigonga tena: bum. "Subiri mama, subiri," akasema Mwinshehe. Nisubiri nini, na nusu saa inaisha! Mara ya tatu ikalia ndi! Nilipiga ukelele, dereva akachungulia kwa hofu.

Ya sita ilipokaza, Sesilia akasema, "Haya, uwanjani!" Nami nikapiga hatua mbili. Kisha nikasimama. Uwanjani kufanya nini, tukawangoje watu nyuma ya mgongo wa Lupakisyo? Nikatazama mabehewa. Wengi hawakushuka: wenye watoto, wazee, wenye mizigo wanaoogopa wezi, wote wamejazana madirishani.

"Hatuendi," nikasema. "Msafiri anafuatwa alipo. Tunapita behewa kwa behewa."

Tukazibana ngoma magotini. Hezekia akaanzisha wimbo, wanaume wakamwitikia, na mimi nikapiga. Jamani, nilipiga! Viganja viliwaka, mabega yakacheza yenyewe. Behewa la kwanza wakapiga makofi. La pili wakaanza kushuka. La tatu akashuka bibi mmoja mwenye furushi kubwa kichwani. Alisimama ananitazama, midomo inamcheza. Kisha akalishusha furushi, akaliweka chini, akaingia kucheza.

"Mama!" nikapaza sauti, machozi yananitoka. "Ameshusha mzigo!"

Waliokuwa uwanjani wakasikia ngoma inalia kwenye gari lao, wakarudi mbio, wengine wakidhani wanaachwa. Walipofika hawakupanda. Walituzunguka, na wa nyuma wakapanda juu ya marobota waone. Mwishowe akaja Lupakisyo mwenyewe, ngoma yake imening'inia shingoni, anacheka. "Dada, umenimalizia watu wote!"

Honi ikalia. Hakuna aliyepanda. Ikalia ya pili, Mwinshehe anapunga kofia, na bado walikuwa wanacheza.

Donati akaja anapasua watu. "Haihesabiki! Hawakupigia uwanjani!"

"Abiria wako wapi, bwana?" mtu akamuuliza, na gulio zima likacheka.

Mkewe, Generoza, akatokea na kuku wake kwapani. "Mume wangu, ahadi ulitoa mwenyewe, mbele yangu. Usinitie aibu. Toa ulimi."

Donati akatazama kulia, akatazama kushoto. Akaweka fimbo chini. Kikatoka kigelegele kimoja, kimekwaruza, kimekatika katikati, na watoto wakaanguka kwa kicheko.

Akanyoosha mkono kwenye ngoma ya mama. Nikaivuta kwangu. Kumbe alitaka kuigusa tu. Akaweka kiganja juu ya ngozi, taratibu.

"Bado ina moto," akasema.

"Na haitapoa leo," nikamwambia. "Haya, rudia. Kile cha kwanza mama yangu hakukisikia."

Akarudia.