Sahani ya Baba

Kijana wa kwenye skrini alitembea, na Madina hakuupenda hata kidogo mwendo wake. Aliketi, akasimama, akaenda dirishani kusikiliza jenereta isije ikazima, akarudi kuketi.

"Dada, mutu yako iko naruka-ruka," Théodore alisema nyuma yake. "Iko mulevi?"

"Si mlevi. Niache."

Théodore, Mkongo aliyehamia Arua, Uganda, na kuoa huku, ndiye aliyeandika programu ya mchezo. Kuchora kulikuwa kazi ya Madina. Mradi wao pale mtaani Oli ulitaka watoto wajifunze kuogopa mabomu yaliyofukiwa njiani. Mtoto anabonyeza vitufe, anamwongoza kijana kutoka uani kwao hadi kisimani. Akikosea, mlio unasikika na kijana anarudi uani kuanza upya. Basi.

Shida ilikuwa miguu. Ili kijana atembee, Madina alichora picha kadhaa, kila moja na hatua yake, zipite upesi machoni. Moja moja, zilikuwa safi. Zikifuatana, balaa: kichwa kilipanda na kushuka, mabega yalinenepa na kukonda, na mguu wa kushoto ulizidi kufupika. Kijana alichechemea kabla hajakanyaga chochote. Madina alitaka kulia kwa hasira, kwa sababu yule kijana alikuwa Sule.

Hakuwa amemwambia mtu. Sule, mdogo wake, alipoteza mguu kwenye njia ya shamba kule Abuku, na tangu hapo Madina aliubeba kichwani mwendo wa zamani wa ndugu yake, ule wa madaha uliofanya majirani wamtanie kwamba barabara ni ya baba yake. Aliogopa kuusahau. Sasa aliuona ukimponyoka hapo hapo, mbele ya macho yake.

"Jumamosi tunapeleka Koboko," Théodore alisema. "Kama bado iko naruka, mimi naweka mutu ya vijiti. Watoto watajua tu ni mutu."

"Thubutu!" Madina alisema, na kesho yake akapanda lori la mihogo kwenda nyumbani Abuku.

Alimkuta Sule kwenye benchi, magongo yameegemezwa ukutani. Alizungukazunguka na habari za mjini weee, mpaka Sule akachoka.

"Dada, sema. Nini iko nakusumbua?"

"Nataka kujua ulikuwa natembea namna gani."

Uso wa Sule ulibadilika. "Umetoka Arua kuja kunicheka?"

"Wallahi sikucheki! Nakuchora, Sule. Nachora wewe ile ya zamani, na sijui tena. Nimesahau." Alipolitamka neno hilo, machozi yakamtoka, na hakujisumbua kuyafuta.

 Sule akaweka vidole viwili juu ya benchi na kuvitembeza taratibu, kimoja mbele, kimoja nyuma, huku mkono wake wa pili ameutandaza juu ya vidole hivyo kama paa.

"Umesahau sahani?" aliuliza.

Madina akashika mdomo. Sahani ya bati! Walipokuwa wakimbizi upande wa Kongo, baba yao, askari asiye na jeshi tena, aliwapanga watoto uani kila asubuhi na kuwatembeza kwata na sahani kichwani. Ikianguka, unarudi mwanzo. Sule hakuwahi kuiangusha.

"Mguu inafanya kazi yake," Sule alisema. "Kichwa hapana kupanda."

Aliporudi Arua, Madina alifuta picha zote isipokuwa ya kwanza. Hapo ndipo alipolitambua kosa lake: kila picha alikuwa ameichora kwa kutazama iliyotangulia, na kila moja ilirithi kasoro ya mwenzake na kuongeza yake. Sasa akapiga mstari mmoja juu ya skrini, sahani ya baba, akakinakili kichwa kile kile na mabega yale yale chini yake kila mara, akabadilisha miguu na mikono tu. Théodore alibonyeza kitufe. Akapiga mluzi.

Jumamosi, kule Koboko, darasa lilijaa watoto. Sule alikuja, ingawa alikuwa ameapa haji, na watoto wakampisha mbele. Alimtazama kijana wa kwenye skrini aliyesimama uani, kisha akakigusa kitufe.

Kijana akatembea. Kichwa kimetulia, barabara ya baba yake.

Sule akamgeuza, akamrudisha. Akampeleka tena hadi langoni, akamrudisha. Madina alisimama ukutani, asijue mikono aiweke wapi.

"Toka nje!" watoto walipiga kelele. "Peleka yeye kisimani!"

"Ngojeni," Sule alisema bila kugeuka, kidole bado juu ya kitufe. "Kwanza atembee."