Masale Kwenye Tangi la Samaki

Mjini Moshi wanasema nilimvua nguo ndugu yangu mbele ya wageni wake kwa ajili ya majani ya samaki. Wengine wanaongeza kwamba nina kichaa. Acha waseme. Waliokuwapo hotelini siku ile walimwona mwanamke aliyelowa mpaka mabegani anang'oa mimea ndani ya kioo, wakarudi makwao na nusu ya habari. Nusu nyingine iko Uru, kwenye kihamba, shamba la migomba la baba yetu, na mimi Theopista ndiye mwenye nayo.

Nianze na majani yenyewe, maana hata hayo watu hawayaheshimu. Kazi hii nilijifunza Shanty Town, mtaa wa wenye nacho pale Moshi, kwa mama mmoja wa Kiholanzi niliyemtunzia nyumba baada ya ndoa yangu kuvunjika. Sebuleni kwake Mama Hanneke alikuwa na tangi la kioo refu kama kitanda, na ndani yake bustani. Si bustani ya mawe na magogo, wala kasri la plastiki linalotoa mapovu. Kwao Uholanzi tangi ni mimea, samaki ni wapita njia tu. Kila mmea unakaa na wenzake, na jirani yake lazima awe tofauti: jani jembamba kando ya jani pana, kijani kilichokolea kando ya kijani kichanga. Mifupi mbele, mirefu nyuma. Halafu unachagua mmea mmoja mdogo na kuupanda kama kichochoro kinachoanzia mbele na kwenda kikipungua kuelekea nyuma, ili jicho likikifuata lione tangi lina kina kuliko lilivyo. Mwekundu unaweka mmoja tu, na hauwekwi katikati. Ukiweka miwili itagombana kama wake wenza.

Mama Hanneke aliporudi kwao aliniachia tangi na mikasi yake mirefu. Nikapanga chumba Njoro, nikaanza kuwapangia watu matangi: daktari wa meno, duka la dawa, wakili mmoja aliyependa kuyatazama kuliko kesi zake. Ilikuwa miaka ile kahawa iliposhuka bei mpaka watu wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya, nao walinicheka kwamba nimeacha shamba nikaenda kulima ndani ya maji.

Jovin hakucheka. Jovin ni mdogo wangu, kitindamimba wetu, na kwa desturi yetu ndiye aliyerithi nyumba ya baba na kihamba chake. Alirudi kutoka Dar na hela za vipuri vya magari, akajenga hoteli ya watalii wa mlimani, akaniita.

"Dada, nataka tangi la Kiholanzi pale mapokezi. Mzungu akiingia tu, apigwe na butwaa."

Kusema kweli nilifurahi. Yule mtoto nilimbeba mgongoni. Nilitaka aione kazi yangu na kuionea fahari, kwa hiyo nilichagua mimea kama anayechagua kanga za harusi. Nilishuka Mabogini kwenye majaruba ya mpunga kutafuta gugu lenye jani jekundu, wakulima wakanipa wakishika mbavu kwa kicheko. Kwenye chemchemi za Njoro nilipata mimea yenye majani kama utepe, ya kuziba ukuta wa nyuma. Mingine niliagiza Nairobi. Yote niliitenga kwenye ndoo mpaka konokono wakaisha, nikaikagua shina kwa shina, yenye mizizi mibovu nikaitupa.

Kupanga ndiko kunakonipa raha. Mchanga niliuinua nyuma ukawa mteremko. Kichochoro nilikichora kwa mmea wa majani madogo ya mviringo, ukipinda taratibu kutoka kona ya mbele. Gugu jekundu la Mabogini nililiweka upande wa kushoto, mahali ambapo jicho linachoka na kutaka kupumzika. Ukilitazama vizuri lile tangi lilikuwa kihamba: migomba juu, mibuni chini yake, magimbi kando ya mfongo, ule mfereji wa maji, kila kimoja na mahali pake. Jovin alikuja, akainama, akasema nyuma bado peupe.

"Patajaa," nikamwambia. "Mimea inakua. Mtu asitie mkono, asiongeze hata jani."

"Sawa, dada."

Nikaenda Arusha, kulikuwa na kazi ya wiki kadhaa. Nilirudi siku moja kabla hoteli haijafunguliwa rasmi, nikaingia mapokezi na mikasi yangu ili nipunguze vilele. Nilisimama pale pale mlangoni.

Nyuma ya tangi, juu ya majani yangu ya utepe, yalikuwa yamesimikwa masale. Mistari mizima, yamekandamizwa mchangani kama askari wa gwaride, na majani yake ya chini yameanza kuwa ya manjano.

Asiyetoka kwetu nimweleze. Isale si mmea wa maji. Lina jani zuri, refu na la kijani, na wapo wauza samaki wanaowauzia wajinga mimea ya jamii yake kwa ajili ya matangi, lakini likizamishwa lote linaoza. Hilo ni la fundi. La Mchagga ni kubwa zaidi. Isale tunalipanda kwenye mpaka, na likishapandwa mwenye akili zake halivuki. Tena mtu aliyekukosea akija na isale mkononi kuomba radhi, huwezi kumkatalia.

"Nani ameingiza haya?" nikauliza.

Jovin alitoka ofisini akitabasamu. "Mimi. Wageni wanapenda utamaduni, dada. Nikasema tuwape Uchagga kidogo."

"Umeyatoa wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani wapi?"

"Pale chini," akasema, akaanza kukuna shingo. "Karibu na migomba yako."

Sikungoja aendelee. Nilipanda Uru jioni ile ile, maana najua ni masale gani yaliyo karibu na migomba yangu. Niliporudi kutoka kwa mume, baba hakuniuliza swali hata moja. Alinikatia kipande cha chini, kuanzia mfongo mpaka kwenye mti mkubwa wa mringaringa, akapanda safu ya masale kati ya kipande changu na kihamba kitakachokuwa cha Jovin. Jovin mwenyewe ndiye aliyemshikia miche. Karatasi haikuandikwa. Baba alisema karatasi inaliwa na panya.

Nilikuta mashimo. Safu yote, toka mfongoni mpaka kwenye mringaringa, mashimo matupu. Masale machache ndiyo yaliyokwenda mjini. Yaliyobaki yalilundikwa nyuma ya zizi, yamekauka. Na juu ya mashimo ilipita kamba mpya ya fundi na vigingi vyake, ikitoka upande wa Jovin na kwenda kuishia katikati ya migomba yangu.

Mama alikuwa jikoni. Mama yetu Anyesi amezeeka lakini akili iko pale pale. Nikamwamkia, nikamuuliza ilikuwaje aone masale yanachimbwa na kunyamaza.

Akanishangaa. "Si wewe uliyeagiza? Jovin alikuja na vijana. Akasema, 'Mama, Theopista anataka masale ya kule chini kwa kazi yake ya samaki.' Nikasema kama mwenyewe amesema, chimbeni. Nikawapikia na mtori."

Niliketi kwenye kigoda. Nimewahi kupigwa na mwanamume, na siku hiyo haikuniuma kama hii. Ningesamehe tamaa, kila mtu anayo. Lakini kuchukua kazi ya mikono yangu, kitu pekee nilichokijenga mwenyewe duniani, na kukifanya kisingizio cha kuning'olea mpaka! Akufukuzaye hakwambii toka. Huyu alikuwa amenifukuza kwa jina langu mwenyewe.

"Na hivi vigingi?"

"Vya nyumba ndogo za wageni," Mama akasema polepole. "Alisema mmekubaliana."

Kesho yake hoteli ilikuwa imejaa. Suti, magauni, Wazungu wa kupanda mlima na buti zao, mbege kwenye glasi za mvinyo. Jovin alikuwa amesimama kando ya tangi akiwaeleza watu habari za mtindo wa Kiholanzi. Nikapita katikati yao.

"Jovin, uling'oa safu nzima ya masale. Humu yamo machache. Mengine yalikuwa ya tangi gani?"

"Dada, subiri wageni waondoke."

"Nijibu."

Akanisogelea, akaongea chini chini. "Ardhi ni ya ukoo, dada. Wewe una nini pale, vishina vya migomba? Nitakujengea chumba kizuri hapa mjini, ukae na samaki wako."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekuambia ungekataa."

Alisema hivyo, bila haya, kama mtu anayetaja sababu ya maana. Nilipandisha mikono ya gauni, nikapanda kwenye kiti cha mapokezi, nikazamisha mikono. Masale yalitoka na utelezi, mashina yameoza chini, na harufu yake ikawafanya wenye suti warudi nyuma. Kila nililolivuta lilikuja na mizizi ya jirani zake. Utepe ukang'oka, kichochoro kikavurugika, gugu langu jekundu likaelea juu. Niliiharibu kazi yangu mwenyewe, na niliumia kuiharibu, lakini sikuacha mpaka isale la mwisho lilipotoka. Nikayapanga yote juu ya meza, mbele ya kitabu cha wageni. Mzungu mmoja akapiga picha.

"Dada, umeniaibisha," Jovin akasema.

"Bado," nikamjibu, nikaondoka nimelowa.

Habari ilipanda mlima kabla yangu. Jumapili, baada ya misa, Jovin akaja Uru. Alikuja na baba mdogo Sylvanus kama shahidi, yeye Jovin amevaa koti jeusi la kanisani, na mkononi ameshika isale moja bichi, zuri, lenye mizizi yenye udongo. Nilipoliona nilichukia kuliko nilivyochukia mbele ya mashimo. Alijua siwezi kulikataa. Mtu aliyelizamisha isale majini liwe pambo la Wazungu, leo amekumbuka uzito wake, kwa sababu leo linamfaa.

"Dada yangu," akasema, akalinyoosha kwa mikono miwili, "nimekosa. Nisamehe."

Baba mdogo alinitazama. Mama alinitazama. Nililipokea.

"Nimekusamehe," nikasema, na nilisema kweli, ingawa ilinipita kooni kama mfupa.

Jovin akashusha pumzi. Baba mdogo akasema Mungu ni mwema, tukae tuzungumze sasa, tuone hizo nyumba za wageni zitakaaje. Mimi sikukaa. Nilitelemka na isale langu kati ya migomba, nao wakanifuata wasijue niendako. Nilipofika mfongoni nikapiga magoti kwenye shimo la kwanza, nikaing'oa kamba ya fundi iliyopita juu yake, nikalisimamisha isale, nikarudishia udongo, nikaushindilia kwa viganja.

"Hapana, dada," Jovin akasema. "Hilo ni la msamaha. Si la mpaka."

"Baba hakutuachia aina mbili."

Akamgeukia baba mdogo. Baba mdogo alilitazama lile isale lililosimama udongoni, akatikisa kichwa. Hakuna mtu wa rika lake ambaye angeling'oa, na Jovin alikuwa anamwomba aseme ling'olewe.

"Kosa la kusema uongo kwa jina langu limekwisha," nikamwambia ndugu yangu. "Sitalitaja tena, na mwingine akilitaja nitamnyamazisha. Lakini mashimo bado ni mashimo."

Jovin alisimama na viatu vyake vya kung'aa, safu nzima ya mashimo mbele yake mpaka kwenye mringaringa. Alianza kusema kitu juu ya wajenzi watakaokuja Jumatatu. Mama hakumngoja amalize. Alikwenda ghalani kwa mwendo wake wa taratibu, akarudi, akamwambia avue koti, akamkabidhi jembe.